Mwenye Mzigo Aje Mwenyewe

Lori lilizuiwa mpakani Lwakhakha Jumatano jioni, lakini Nyaruai hakuambiwa hadi Alhamisi asubuhi, akiwa ameinama juu ya mashine ya kufuma akinasua uzi uliokwama kwenye sindano. Aliyempigia simu alikuwa Gathogo, mwenye lori, ambaye hukusanya mizigo midogo midogo ya wafanyabiashara wa Kitale hadi lori lijae, kisha huivusha mpaka na kuigawa Mbale.

"Mama Joan, mzigo wako uko sawa," Gathogo alianza kwa haraka. "Shida ni ya jirani."

"Jirani gani?"

"Kuna mtu alileta katoni za sabuni. Nyuma ya sabuni kulikuwa na magunia thelathini, ati chakula cha kuku. Kumbe ni mbolea. Ile ya serikali, ya bei ya chini, haikubaliwi kuvuka. Sasa wameshika lori yote."

"Na huyo mtu?"

"Amezima simu."

"Si washushe hiyo mbolea, sisi wengine tuende?"

"Ningekuwa mimi ndio forodha ningefanya hivyo. Wanasema kila mwenye mzigo aje mwenyewe, aonyeshe vitu vyake na karatasi zake. Tuko watu kumi na nne kwa hiyo lori. Kuja leo, mama. Shule si inafungua Jumatatu?"

Shule ilikuwa inafungua Jumatatu. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana huko Mbale, na iliagiza sweta mia mbili na arobaini za rangi ya maruni, zenye mstari wa njano shingoni. Nyaruai alizifuma tangu Machi, peke yake, akazifunga marobota manne na kuyapeleka kwa Gathogo. Zisipofika Jumamosi, shule ingechukua za duka moja la hukohuko ambalo tayari lilikuwa limepeleka sampuli. Mtunza stoo alimweleza hivyo kwenye simu, kwa upole, bila kumficha.

Alitoa faili chini ya godoro. Kwenye karatasi ya kwanza, mahali palipoandikwa jina la mwenye mzigo, palisomeka Hesbon Wanjala.

Hesbon alikuwa mumewe, na alikufa Desemba. Nyaruai alikuwa ametoa nakala za karatasi za mwaka uliopita, akabadilisha tarehe na idadi, mengine akayaacha yalivyokuwa. Hakufanya hivyo kwa ujanja. Leseni ilikuwa ya Hesbon, namba ya kodi ya Hesbon, namba ya simu ya Hesbon. Kwa miaka kumi na moja kazi yao iligawanyika hivyo: yeye hufuma, Hesbon huvusha. Nyaruai hakuwa amewahi kuuona mpaka wa Uganda kwa macho yake.

Alivaa koti, akazima redio aliyokuwa akiiacha ikizungumza mchana kutwa, akafunga mlango. Joan, mtoto wao wa pekee, alikuwa bweni Kimilili hadi Agosti. Nyaruai akasimama langoni na ufunguo mkononi, kama anayengoja mtu amwulize anakwenda wapi. Jirani alipita na pikipiki, akapiga honi, akaenda zake.

* * *

Lori lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa forodha, turubai limefunuliwa nusu. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha madimbwi kati ya magurudumu. Magodoro yalikuwa yamesimamishwa ukutani, kando yake kulikuwa na mabeseni ya plastiki, madaftari, spea za baiskeli, mitungi ya mafuta ya kupikia. Marobota yake manne yalikuwa bado juu, nyuma kabisa. Aliyatambua kwa kamba ya bluu.

Chini ya ukingo wa paa walikaa wenye mizigo. Walikuwa wameshazoeana kwa kusubiri pamoja, wanamtukana mwenye mbolea kwa zamu na kucheka. Nyaruai aliwasalimu akakaa mwisho wa benchi.

Wakala mmoja wa kupitisha mizigo, jina lake Ian, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye koti la mvua lililopasuka kwapani, alikuwa akizunguka akisoma karatasi za kila mtu. Alipofika kwake akaguna.

"Hesbon ni nani?"

"Mume wangu."

"Ako wapi?"

"Alikufa."

Ian akageuka kutazama mlango wa ofisi, kisha akachuchumaa mbele yake.

"Mathe, hapo ndani usiseme hivyo. Mtu akishakufa, mzigo wake unakuwa urithi. Utaitishwa cheti cha kifo, barua ya chifu, sijui karatasi ya korti. Hizo sweta zitaota ukungu hapa. Sema ni mgonjwa."

"Mgonjwa wa nini?"

"Si wewe ndio bibi yake? Chagua."

Nyaruai alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alimpatia mia mbili, Ian akazipokea bila kuangalia na kumfuata mtu wa madaftari.

Ofisini mlikuwa na baridi. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Chelangat, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba kifuani. Alisoma faili ukurasa kwa ukurasa, jambo ambalo Nyaruai hakulitarajia.

"Hesbon Wanjala ako wapi, mama?"

"Ako nyumbani." Sauti yake ilitoka nyembamba. "Mguu unamsumbua."

"Ajali?"

"Alianguka kwa ngazi. Alikuwa anapanda kutengeneza bati."

"Pole sana." Chelangat alionekana kumaanisha. "Lakini mzigo ni wake na karatasi ni zake. Na unajua kimetokea nini kwa hii lori, siwezi kuachilia kitu hivihivi. Nilimpigia asubuhi kwa namba iliyo kwa karatasi za lori, hakushika."

"Ni chaji, madam. Stima ilipotea kwetu."

Kila neno lilikuwa likivuta lingine, na Nyaruai alishangaa jinsi yalivyokuja bila kusukumwa.

"Kama hawezi kusimama, sitamlazimisha kuja," Chelangat alisema. "Nitaongea na yeye kwa simu kesho saa nne. Akinijibu vizuri, nakuachilia. Asiposhika, hizo marobota zinaenda stoo mpaka siku atakuja."

Nje, mwanamke wa magodoro alimsogezea nafasi. Aliitwa Viola, na alikuwa na duka Kitale karibu na soko.

"Wamesema nini?"

"Wanataka mzee. Na mzee ni mgonjwa."

"Wa nini?"

"Mguu," alisema Nyaruai. Angeweza kuishia hapo, kwa kuwa Viola hakuwa afisa wala hakuwa na muhuri. Lakini akaendelea. "Ameketi tu nyumbani. Nikitoka ananiuliza nitarudi saa ngapi. Ati hajui kutulia. Asubuhi amenipikia chai akiwa amesimama na mguu mmoja."

"Amekupikia chai!" Viola aliwaita wengine. "Mnasikia? Kuna watu wameolewa. Mimi wangu ana miguu miwili mizima na hajui sufuria iko wapi."

Walicheka, na Nyaruai akacheka nao. Wakamwuliza mzee ni wa wapi, akawaambia ni Mbukusu wa upande wa Bungoma na yeye ni Mkikuyu wa Kitale, na kwamba baba yake aliwanunia mwaka mzima kabla ya kukubali. Akawaambia Hesbon hapendi ugali wa jana, na kwamba akisinzia kwenye kiti husema hasinzii. Alisema "hapendi" na "husema". Watu hawa hawakumjua, na hakuna aliyemtazama kwa ule uso wa kumhurumia aliouzoea tangu mazishi. Kwa muda wa saa nzima kwenye benchi lile Hesbon alikuwa hai, ana mguu mbaya, na anamsubiri nyumbani.

Kisha Viola akaitwa ndani, na Nyaruai akabaki na tabasamu ambalo hakujua alifanyie nini.

* * *

Simu ya Hesbon ilikuwa Bungoma, kwa Makokha.

Makokha alikuwa ndugu mdogo wa Hesbon. Siku ya pili baada ya mazishi alikusanya karatasi za marehemu pamoja na simu yake, akasema ni mambo ya familia. Januari yeye na Nyaruai walikosana juu ya nusu ekari ya shamba, kila mmoja akasema maneno, na tangu hapo hawakusemezana. Sasa, saa kumi jioni, Nyaruai alikuwa amesimama mbele ya mashine ya Makokha ya kusaga mahindi, viatu vimejaa matope ya Lwakhakha.

Wanawake wawili wenye mabeseni walikuwa wakisubiri. Makokha alimwona, akamalizia debe lililokuwa kwenye mashine, ndipo akazima injini. Alikuwa mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi.

"Shemeji."

"Habari ya huku, Makokha."

"Iko tu."

Hakumpa kiti. Wale wanawake hawakujisumbua hata kujifanya hawasikii. Nyaruai aliteremsha sauti na kumweleza kila kitu: lori, mbolea, karatasi, simu ya saa nne. Makokha alisikiliza huku akisugua unga vidoleni.

"Kwa hivyo unataka niseme mimi ni Hesbon."

"Dakika mbili tu."

"Mimi nilimwaga udongo kwa kaburi yake. Wewe ulikuwa unaona. Sasa niambie serikali ati niko hai?"

"Si wewe. Yeye."

"Hiyo ndio mbaya zaidi."

"Basi nipatie hiyo simu, nitatafuta mtu mwingine."

"Mtu gani? Utaokota mwanaume kwa barabara umwambie awe ndugu yangu?"

Mmoja wa wanawake alisema jambo kwa Kibukusu, na mwenzake akaguna. Nyaruai alielewa neno moja tu, lile la mjane.

"Makokha, nimefuma miezi miwili. Hata mwaka huu Joan amerudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya karo. Sikukuambia kwa sababu hukuniuliza."

"Ungeniambia."

"Tungeambiana vipi?"

Makokha alitazama chini. Alikuwa na mabega ya Hesbon, na ile namna ya Hesbon ya kusimama uzito wote ukiwa kwenye mguu mmoja. Nyaruai alijizuia asiangalie.

"Hiyo simu bado ina chaji?" aliuliza.

"Iko na chaji."

"Kwa nini unaichaji, kama hutaki kuishika?"

Makokha alichukua beseni la mwanamke wa kwanza, akamimina mahindi juu ya mashine, akawasha injini. Kelele zilijaza kibanda chote. Nyaruai alisubiri kidogo kama atageuka. Hakugeuka. Akaondoka, na usiku huo akalala kwenye gesti karibu na stendi ya Bungoma, nguo zake zote mwilini.

* * *

Ijumaa ilipofika saa tatu, nusu ya wenye mizigo walikuwa wameshaachiliwa. Vitu vyao vilikuwa vikirudishwa kwenye lori. Viola alimpungia mkono kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Salimia mzee wa chai!"

"Atapata salamu," Nyaruai alijibu.

Alikuwa ameamua kusema ukweli. Barabara yote kutoka Bungoma aliyapanga maneno: madam, nilikudanganya, mume wangu alikufa, fanya unavyoona. Lakini alipoingia ofisini Chelangat alikuwa tayari ameifungua faili, kalamu iko mkononi, na muhuri uko pale mezani, umbali wa shubiri moja.

"Mpigie kwa simu yako," Chelangat alisema. "Labda yangu anaogopa kwa sababu haijui."

Nyaruai akatoa simu. Hakuwa ameipiga namba ile tangu Desemba, siku ambayo ililia ndani ya mfuko wa suruali hospitalini na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipiga. Kwenye kioo paliandikwa Baba Joan. Akabonyeza.

Iliita mara moja, mara mbili. Aliomba moyoni ishikwe, kisha akaomba isishikwe. Mara ya tano, mara ya sita.

"Halo."

Jana Makokha alikuwa mbele yake, na sauti yake ilikuwa ya Makokha. Leo haikuwa na uso wala unga. Ilikuwa kama ya Hesbon. Chelangat alinyoosha mkono, akachukua simu, akaiweka kwenye spika.

"Ni Hesbon Wanjala?"

Chelangat aliangalia kioo kuona kama simu imekatika. Hapakuwa na mlio wowote nyuma. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa.

"Ndiyo," sauti ilisema. "Ni mimi, Hesbon."

"Unaongea na forodha Lwakhakha. Mguu unaendeleaje?"

Nyaruai akafumba macho. Hakuwa amemwambia Makokha habari za mguu.

"Mguu," sauti ilirudia. "Pole pole, madam. Usiku ndio inasumbua."

"Pole. Mzigo wako hapa ni wa nini?"

"Sweta za shule. Za maruni, na laini ya njano kwa shingo."

"Ngapi?"

"Mia mbili na arobaini."

Hilo pia Nyaruai hakuwa amemwambia.

"Nani alizitengeneza?"

"Bibi yangu. Peke yake. Mimi sikusaidia na kitu."

Chelangat aliandika. "Sawa, bwana. Asante. Nimemaliza."

"Madam."

"Ndiyo?"

"Ako hapo karibu na wewe?"

"Ako hapa."

"Kama amesimama, mwambie akae chini. Mgongo yake si mzuri. Hiyo mashine imemharibu."

Chelangat aliirudisha simu, na kwa mguu wake akakisukuma mbele ya meza kigoda kilichokuwa pembeni. Nyaruai akakaa. Alijiinamia kama anayefunga kamba ya kiatu, ingawa viatu vyake havikuwa na kamba, na afisa akajishughulisha na karatasi kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Kisha muhuri ukagonga mara nne.

"Mama," Chelangat alisema alipokuwa akimpa faili. Alivua miwani. "Mzigo ujao andikisha kwa jina lako. Haichukui hata wiki. Usitegemee simu ya mtu."

Nyaruai alimtazama ajue kama amejua. Uso wa Chelangat haukumpa jibu, na nyuma yake kulikuwa na mtu mwingine aliyesubiri.

Alipofika nje alipiga tena. Safari hii ilishikwa mara moja.

"Imepita?" Makokha aliuliza.

"Imepita. Idadi ulijuaje?"

"Hao watu wa shule walipiga hii simu Machi. Walikuwa wanamtaka Hesbon afume. Nikawapatia namba yako."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa hushiki simu yangu, shemeji."

Ilikuwa kweli. Nyaruai aliangalia lori. Wapakiaji walikuwa wakibana marobota yake kati ya magodoro.

"Uliwaambia amekufa?"

"Nilishindwa. Nilisema ako safari." Makokha alivuta pumzi. "Mama Joan, usinitume tena hiyo kazi. Nimeiweza leo. Siiwezi tena."

"Sitakutuma."

"Kuja siku moja uchukue karatasi zake. Na za shamba pia. Tutaongea."

Akakata simu. Huko Bungoma, watu sita walikuwa wamepanga mabeseni yao mbele ya kibanda. Makokha aliwaambia mashine ina shida. Alikaa juu ya gunia na simu ya ndugu yake pajani, akawa anatazama kioo kikizimika chenyewe, anakigusa, kinawaka, kinazimika. Hakuwasha injini hadi saa saba, na hapo ni kwa kuwa bibi kizee mmoja alikataa kuondoka.

* * *

Jumamosi Nyaruai aliomba apande mbele ya lori pamoja na Gathogo. Gathogo alishangaa, kwa kuwa wenye mizigo midogo hawasindikizi mizigo yao. Hupokea simu tu kuwa imefika. Alimkubalia. Njiani hakumsumbua kwa mazungumzo. Mlima ulikuwa uleule wa Elgon, ukionekana kutoka upande ambao hakuwahi kuuona, na migomba ilishuka hadi ukingoni mwa barabara.

Walishusha magodoro, kisha madaftari, kisha wakafika shuleni saa saba na nusu. Mtunza stoo, mzee mfupi mwenye kishada cha funguo kiunoni, alifungua robota la kwanza, akapima sweta moja kifuani kwake, akavuta ukosi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Walihesabu pamoja, kumi kumi. Zilitimia. Akatoa kitabu cha kupokelea na kalamu.

"Weka sahihi hapa. Bwana Wanjala bado yuko safari?"

Nyaruai alishika kalamu. Mpishi mkuu alikuwa ametoka jikoni kwa kusikia lori, mwanamke mnene mwenye mwiko mkononi, Nakhungu kwa jina.

"Wanjala ameleta sweta?" aliuliza, akichungulia ndani ya lori na kusalimu kwa lugha yake. "Mulembe! Wanjala! Mwambie ashuke, asijifiche, ana deni la wimbo!"

"Hakuja," mtunza stoo alimwambia. "Ametuma huyu mama."

"Atakuja lini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Nyaruai. Siku mbili hizi alikuwa amelizoea, na lilikuwa jepesi: mguu, ngazi, anaendelea vizuri, anawasalimu. Angelisema, watu hawa wangefurahi, wangetuma salamu, na yeye angepanda lori.

"Amekufa," alisema. "Mimi ni mke wake. Alikufa Desemba."

Mwiko ulianguka. Nakhungu aliweka mikono yote miwili kichwani akapiga ukelele, maneno ya lugha yake yakamtoka, na ilikuwa lugha iliyokaribiana sana na ile ya Hesbon hivi kwamba Nyaruai alisisimkwa. Wanawake wawili wengine walitoka jikoni wakikimbia. Mtunza stoo alifunga kitabu chake bila sahihi na kuvua kofia.

Walimpeleka jikoni wakamketisha karibu na moto. Wote walisema kwa pamoja, Kiswahili kikichanganyika na lugha yao. Walisema Wanjala alikuwa akifika anavua koti, anachukua kisu na kumenya ndizi pamoja nao huku akisubiri stakabadhi. Kwamba aliimba. Kwamba alikula sahani mbili, na ya pili aliiomba kwa maneno matamu hadi mtu anaona haya kumnyima. Kwamba alipenda kuwaambia ana mke anayefuma bila kutazama mikono.

"Ati hata ukifunga macho unafuma," Nakhungu alisema, akimshika vidole na kuvigeuzageuza. "Ni hivi? Ndivyo hivi vidole?"

Nyaruai alisikiliza. Kwake Kitale, Hesbon alirudi kutoka safari amechoka, anakula kimya, analala. Hakuwahi kumsikia akiimba tangu Joan awe mtoto wa kubebwa. Kulikuwa na Hesbon mwingine huku, mwenye sahani mbili na kisu cha kumenya ndizi, na Nyaruai alikuwa amekuja kumjua miezi mitano baada ya kumzika. Ilimuuma, na hata hivyo alitaka waendelee kusema.

Nje Gathogo alipiga honi. Alikuwa na mizigo ya watu wanane bado hajaishusha. Nakhungu alitoka hadi mlangoni akamwonyesha kiganja, angoje, kisha akarudi akavuta kigogo, akakaa mbele ya Nyaruai hadi magoti yao yakagusana.

"Sasa tuambie," alisema. "Alikufaje, ndugu yetu?"

Tangu Desemba hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo. Watu wa Bungoma walikuwepo, wa Kitale walisikia kwa wengine, Joan hakutaka kusikia. Wale wanawake waliacha kukoroga vyungu. Nyaruai alifungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kwa kuwa jikoni mlikuwa na joto.

"Ilikuwa Jumanne," alisema. "Aliamka mapema kuliko mimi, akaniambia nisiwashe taa, kichwa kinamuuma."